Kushoto au Kulia kwa Jiwe

Pale lami inapokoma na njia ya kupanda mlimani inapoanza, kuna karakana ya baiskeli yenye mlango wa bati, na nje yake ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali. Hicho ndicho kijiwe. Chupa ya kahawa hukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, vikombe vitano huning'inia ukutani kwenye spoki zilizokunjwa, na ule mlango, uliopakwa rangi nyeusi zamani, ndio kitabu cha heshima. Aliyeshuka Njia ya Mnara akiwa juu ya baiskeli, toka mnara wa simu kule kileleni mpaka hapa chini bila kugusisha mguu ardhini, huandika jina lake kwa chaki. Hakuna anayekagua. Mtu anatokea na vumbi mpaka kwenye nyusi, anasema nimeshuka, anapewa chaki. Majina yalikuwa manne. Jumatatu hiyo asubuhi vilishushwa vikombe vinne tu, na kila mtu alijitahidi asikitazame cha tano.

Cha tano kilikuwa cha Taratibu, mshonaji wa mlango wa pili, mtu ambaye hata kupiga chafya alikuwa anajiandaa kwanza. Jumamosi alianguka kwenye Ngazi, yale mawe yanayoshuka kidato kwa kidato katikati ya njia, pale penye jiwe kubwa. Paja limevunjika. Kiganja cha kulia, mkono wa mkasi, kimepondeka, na madaktari hawajasema kama vidole vitashika tena sindano.

Fundi alikuwa ndani, hatua mbili tu kutoka kwenye ubao, ameipindua baiskeli ya Taratibu ikasimama kwa kiti na usukani. Rimu ya mbele ilikuwa imekunjika kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa. Aliwapa wenzake mgongo, lakini masikio alikuwa ameyaacha nje.

— Ni breki, alisema Spidi, ambaye kazi yake ni kupeleka mikate madukani kwa baiskeli na haijulikani lini mara ya mwisho alitembea kwa miguu. Kabana ya mbele, ikamrusha. Mbona liko wazi hilo.

— Breki zilikuwa nzima, Fundi alisema bila kugeuka.

— Umejuaje?

— Nilizifunga mwenyewe Jumamosi asubuhi. Mipira mipya.

Alitoka na mipira miwili ya breki kwenye kiganja, akawaonyesha.

— Huu wa mbele. Mpya kama ulivyotoka dukani. Huu wa nyuma, umekwisha.

— Umekwishaje kwa siku moja?

— Umeishia njiani. Ameubana toka kileleni mpaka alipoangukia.

Wote walikuwa watu wa baiskeli, hawakuhitaji kuelezwa. Mtu anayebana breki toka kileleni ni mtu aliyeogopa toka kileleni. Taratibu alishuka anaogopa, akaona hofu inazidi, na bado akaendelea kushuka.

Jambo kama hilo ni zito kulibeba, na Mita hakuwa mtu wa kubeba vitu vizito. Huyu ni msoma mita za maji, na kwa kuwa kila siku anaandika namba, anaamini kila neno lake limepimwa.

— Mimi nawaambia, tatizo ni ule mnara wenyewe. Mawimbi. Ukikaa pale juu dakika kumi, yanaingia sikioni, yanavuruga ile mizani ya ndani. Unashuka unadhani umenyooka, kumbe umelala upande.

— Acha hizo, Mita, alisema Spidi.

— Nimehesabu! Mara tatu nimepanda kusoma mita ya walinzi wa mnara. Mara zote tatu nimerudi naona kizunguzungu.

— Hicho ni kilima, bwana, si kizunguzungu. Umri huo.

— Sasa mlinzi mwenyewe mbona anatembea kaegemea kushoto?

Daktari aliweka kikombe chini. Huyu aliwahi kuwa bawabu wa hospitali kwa miaka sita, na kwa miaka sita hiyo aliona machela zikiingia na kutoka, basi jina likamkaa na yeye akalikubali.

— Mnaongea mambo ya nje ya mwili, alisema. Sikilizeni. Yule ni mshonaji. Amekaa kwenye cherehani miaka ishirini. Damu yake imezoea kukaa. Sasa unaichukua damu iliyokaa miaka ishirini, unaishusha mlima kwa kasi, itaacha kukimbilia kichwani? Ikifika kichwani macho yanaona mawe mawili pale palipo na moja.

— Kwa hiyo kagonga lile la pili?

— Kakwepa la pili, kagonga la kwanza.

Siku nyingine wangecheka mpaka kahawa imwagike. Leo Spidi alitabasamu kidogo, akakumbuka, akafuta tabasamu kwa mkono.

— Mimi kuna kitu sijawahi kukisema, aliendelea Spidi kwa sauti ya chini. Lile jiwe linasogea.

— Linasogea vipi?

— Linasogea. Mvua ikinyesha. Nilivyopita mimi halikuwa pale lilipo sasa.

— Kweli kabisa! Mita alidakia kwa haraka iliyomshangaza Fundi. Hata mimi. Tangu mvua zile kubwa limetoka kama hatua mbili. Labda mbili na nusu.

— Ndiyo maana, alisema Daktari, kila aliyeshuka alipita kwake. Hakuna njia moja pale. Ni siku yako na jiwe lako.

Walikubaliana, na walionekana wamepata nafuu. Fundi hakupata nafuu. Alirudi ndani, akashika bisibisi ambayo hakuwa na kazi nayo.

Kuna jambo alikuwa analificha mwaka wa pili sasa. Jina lake ndilo la kwanza mlangoni, herufi kubwa, na halikustahili kuwa pale. Siku ile alishuka vizuri mpaka Ngazi. Alipoyaona yale mawe kwa karibu, alibana breki akasimama. Akashuka kwenye kiti, akaibeba baiskeli begani, akazunguka mbali kule kwenye vichaka, akaja kupanda tena chini, pale mtu wa kijiweni anapoweza kukuona. Akafika anahema. Wakampigia makofi. Akaandika. Alijiahidi kwamba wiki ijayo angerudi akashuke kweli ili deni la uongo lifutike kimyakimya. Wiki ijayo haikufika. Halafu Spidi akashuka, Mita akashuka, Daktari akashuka, na kila jina lililoongezeka lilimfanya ajione mdogo kati ya wanaume. Alijua mwongo ni yeye peke yake.

Taratibu tu ndiye aliyekuwa hana jina. Miaka miwili waliimba wimbo uleule: Taratibu, chaki itaisha. Taratibu, tukuandikie kwa penseli? Fundi naye aliimba, tena kwa sauti, kwa sababu anayeimba haulizwi.

Lakini hilo halikuwa ndilo lililomnyima usingizi siku mbili hizi. Jumamosi asubuhi Taratibu alileta baiskeli ikafungwe mipira. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akauliza polepole kama alivyozoea:

— Fundi, unaniona nitaweza?

Fundi alikuwa amepiga magoti, spana mkononi. Alilisikia swali vizuri sana. Alimjua Taratibu, alijua anavyokata kona ya barabara ya lami kwa hofu, mguu mmoja tayari kutua. Jibu lilikuwa hapana. Lakini kusema hapana kungehitaji aeleze Ngazi zilivyo, na kueleza Ngazi zilivyo kungehitaji awe amezipita. Basi akaigonga fremu kwa kiganja.

— Hii? Hii itakufikisha mpaka chini bila kulalamika.

Taratibu alimuuliza habari ya mtu, yeye akajibu habari ya baiskeli. Na baiskeli kweli haikulalamika.

— Hodi hapa.

Alikuwa mke wa Taratibu. Wote walisimama. Mita alimwaga kahawa kidogo kwa haraka ya kupisha nafasi. Mama huyu alikuwa amevaa gauni alilolivaa Jumamosi, na kifundo cha kanga kilikuwa kimefungwa upande bila kujali.

— Karibu shemeji, karibu ukae. Mgonjwa anaendeleaje?

— Tunashukuru. Ameamka na akili zake. Mguu watauweka vyuma kesho. Mkono bado wanautazama.

— Pole sana, shemeji.

— Tumeshapoa.

Daktari alianza kumimina kahawa, akaikuta chupa iko nyepesi, akaishika kwa mikono miwili kuikamua. Shemeji alikataa kwa kichwa. Hakukaa.

— Sikai, shemeji zangu. Amenituma. Kuna kitu anataka kujua kwenu, na amesisitiza nisiondoke bila jibu.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imechorwa kwa mkono wa kushoto, mistari inayumba kama ya mtoto wa chekechea. Lakini kila mtu aliitambua. Vidato vitano. Jiwe kubwa katikati. Na kutoka kwenye jiwe, mishale miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia.

— Anasema yeye alipita kulia, na hajui kama hapo ndipo alipokosea. Anasema nyinyi wote mmepita pale mkafika salama. Basi kila mmoja aweke alama alipopita. Akipona, anataka kurudi apite mlikopita nyinyi.

— Kurudi?

— Nimemlilia, hasikii. Anasema hawezi kuwa mtu pekee wa kijiwe hiki aliyeshindwa. Basi nikasema kama kurudi hakuna budi, angalau arudi akiwa anajua. Penseli mnayo?

Fundi alitoa penseli ya useremala iliyokuwa sikioni. Alimpa Spidi, aliyekuwa karibu. Kichwani alikuwa anajisemea: hawa watatu wataweka alama zao, na nitakapofikiwa mimi nitafuata walipoweka wao. Hivyo tu. Hata sasa alikuwa anatafuta pa kujificha, na alijichukia kwa hilo.

Spidi aliitazama karatasi. Aliigeuza juu chini, akairudisha.

— Unajua, shemeji, mimi nilipita kwa kasi sana. Sikuangalia upande. Mita hapa ndiye mtu wa vipimo.

Mita aliipokea. Alitoa miwani, akaivaa, akaivua.

— Vipimo ni vya siku ile. Na jiwe, kama tulivyokuwa tunasema, jiwe linasogea. Daktari, wewe ulipita juzijuzi.

— Juzijuzi ni mwaka jana, alisema Daktari. Mwaka jana mwezi wa tatu. Kulikuwa na ukungu. Ukungu mzito.

Karatasi ilimfikia Fundi ikiwa safi kama ilivyotoka mkobani. Haikuwa na nukta.

Aliwatazama. Spidi alikuwa anakagua kamba ya kiatu chake. Mita alikuwa anafuta miwani iliyokuwa haina vumbi. Daktari ametoa macho mlangoni, kwenye jina lake mwenyewe, kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Na polepole Fundi akaelewa. Hakuwa mwongo peke yake. Miaka miwili kila mmoja wao alikuwa anadhani ni yeye tu, na kila mmoja alizidi kumwimbia Taratibu ili asiisikie aibu yake mwenyewe. Kati ya watu watano wa kijiwe hiki, mmoja tu ndiye aliyewahi kuliendea lile jiwe akiwa juu ya baiskeli, na ndiye huyo ambaye jina lake halimo.

Aliiweka karatasi juu ya paja, akachukua penseli. Hakuugusa mshale wa kushoto wala wa kulia. Alianzia juu ya vidato, akachora mstari wake mwenyewe, wa tatu, ukazunguka mbali pembeni kabisa ya karatasi, ukarudi chini.

— Hapa, alisema. Hapa kuna vichaka. Nilipita kwa miguu, shemeji. Baiskeli nimeibeba begani.

Shemeji aliufuata ule mstari kwa kidole.

— Kwa miguu.

— Kwa miguu. Niliogopa. Na Jumamosi aliniuliza kama ataweza, nikajua hataweza, sikumwambia. Nisamehe. Mwambie… hapana. Nitakwenda kumwambia mimi mwenyewe, leo hii.

Hakumlaani. Fundi angefurahi kama angemlaani. Shemeji alichukua tu karatasi na penseli mkononi mwa Fundi, akageuka kwa wale watatu, akawanyooshea.

— Na nyinyi, shemeji zangu? Kushoto, au kulia?

Baiskeli moja ilipita barabarani, kengele ikalia, hakuna aliyegeuka. Spidi alimtazama Mita. Mita alimtazama Daktari. Daktari alishika chupa, akaiinamisha juu ya kikombe, akangoja, akaitikisa, akaiinamisha tena.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Mke wa Taratibu hakuondoka. Alikuwa bado amewanyooshea ile karatasi, na penseli juu yake, akisubiri wa kuipokea.