Humo Ndani Bado ni Mwezi Uliopita

Muuza kahawa alikuwa amemimina kahawa mara ya pili na hakuna aliyeigusa. Benchi la nje ya duka la Mama Nakshi limekaliwa kwa miaka na wanaume watatu: Antena, fundi redio wa mlango wa pili, Breki, dereva wa lori aliyestaafu, na Wakili, ambaye mahakamani alikuwa akibeba mafaili tu, ila jina la utani halidai cheti. Kila asubuhi husuluhisha matatizo ya dunia. Asubuhi hiyo walikuwa wamesuluhisha la Mama Nakshi, naye alikaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Mashine yake ya kutarizi ni kongwe. Husikiliza programu moja tu, na programu hiyo haikubali mfumo wowote ila ule wa zamani. Kompyuta ya zamani ilipokufa, binti wa dada yake alimletea mpya, akaweka ndani yake programu inayojifanya kompyuta nyingine, na humo akauingiza ule mfumo wa zamani. Kompyuta mbili, kiwiliwili kimoja. Ya ndani hufunguka kwenye dirisha kama picha. Wiki tatu Mama Nakshi alichora humo nembo ya majoho ya kwaya, uzi kwa uzi. Majoho kumi na tisa yalikuwa tayari, kumi na matatu bado, na kwaya inaimba Jumapili.

Asubuhi hiyo ile ya ndani ilikuwa ikijikokota. Antena akajitolea kuitazama, wenzake wakamfuata kumshauri. Akakuta kitufe kimeandikwa “Rudisha”. Akabonyeza. Dirisha likafumba, likafumbua, na saa ya ndani ikaonyesha tarehe kumi na nane ya mwezi uliopita. Nembo haikuwemo. Haikuwa imefutwa, ilikuwa haijachorwa.

— Mimi nimerudisha tu, Antena alisema kwa mara ya nne. Tangu lini mtu akalaumiwa kwa kurudisha kitu?

— Haraka haraka haina baraka, alisema Breki, ambaye ndiye aliyemwambia abonyeze upesi kahawa isipoe.

Wakili alikohoa kimahakama. Kwa maoni yake ile ya ndani ni mpangaji, ile ya nje ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hawezi kumtolea mpangaji vyombo bila notisi. Ndiyo maana wahenga wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Antena alikataa: hapa hakuna upangaji, hapa kuna kumezana. Ile kubwa imeimeza ndogo kama chatu, nembo iko tumboni, na dawa ni kuipindua kompyuta na kuipiga mgongoni. Breki akaenda mbali zaidi. Kama humo ndani bado ni mwezi uliopita, basi humo goti lake halijaanza kuuma. Kisha uso ukambadilika.

— Na sisi je? Nani kasema hatumo kwenye dirisha la mtu? Akibonyeza huko?

Wote watatu walitazama juu.

Mama Nakshi hakutazama juu. Alikuwa akiona wanakwaya kumi na watatu wamesimama mstari wa nyuma, vifua vitupu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba aliwahi kuelezwa. Siku ile ya kwanza binti alimwambia amehifadhi hali ya ile ya ndani kama ilivyo siku hiyo, ili ikiharibika irudi pale pale. Naye, kwa kuona aibu kuuliza, aliitikia ndiyo, ndiyo, kama aliyezaliwa nayo.

Binti, aliyeitwa kwa simu, alifika kwa miguu ya haraka, kitambulisho cha kazini kikimning’inia shingoni. Akawaamkia wazee, wakaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Akasimuliwa habari mara tatu kwa namna tatu, chatu akiwemo. Alisikiliza bila kukaa.

— Mama mdogo, huenda nembo ipo na huenda haipo, alisema. Kabla ya kurudi nyuma programu lazima iulize. Inaleta maneno, na chini yake kisanduku cha kuweka tiki. Kama tiki ilikuwepo, imeihifadhi hali ya leo kwanza. Kama haikuwepo, utaanza upya.

Akamgeukia Antena.

— Mjomba, yalitokea maneno?

— Yalitokea. Na kisanduku nilikigusagusa. Nikajibu ndiyo.

— Yaliuliza nini?

Antena akakitazama kidole alichobonyezea. Binti akamtazama Wakili, aliyekuwa amesimama begani kwa Antena na miwani yake kitufe kilipobonyezwa. Wakili akaivua na kuanza kuifuta. Binti akamtazama Breki. Breki akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Mama Nakshi akainuka, akamshika binti mkono.

— Twende tukaangalie, mwanangu. Na safari hii nisomee kila neno, hata kama nitasema nimeelewa.

Wakaingia ndani. Benchini, wanaume watatu walimgeukia muuza kahawa, kana kwamba huenda yeye aliyasoma yale maneno.