Mzee Mabango, Aliyezihoji Picha za Sinema

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Mabango, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa tatu kati ya watoto watano wa seremala na mshona nguo. Mama ameniomba nisome wasifu huu mimi, kifungua mimba wake, kwa kuwa ndimi niliyerithi ubishi wa marehemu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Njia ya shule ilipita mbele ya jumba la sinema, na hapo ndipo alipokuwa akichelewea. Wiki nzima alilitazama bango lenye farasi, akamsumbua babu mpaka akapelekwa. Kwenye filamu hapakuwa na farasi hata mmoja. Tangu siku hiyo hakuiamini tena karatasi iliyobandikwa ukutani.

Baada ya chuo cha sanaa, mwaka 1972, jumba lilelile lilimwajiri kuchora mabango. Alituambia watu wawili wakiegemeana migongo, hivyo ni vichekesho. Jicho moja likijaza karatasi, jiandae kuogopa. Na sifa zikiandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la filamu, bora ubaki nyumbani.

Agosti 1986 mwenye jumba alimletea picha ya kunakili, ya filamu ya watoto. Marehemu aliikagua, akaiweka chini.

"Nionyeshe filamu kwanza."

"Kazi yako ni rangi, si maswali."

"Huyu mtoto amemulikwa kutoka chini. Hakuna anayemmulika hivyo mtoto anayecheza. Humo ndani kuna nini?"

Mwenye jumba akaondoka, naye marehemu hakuchora. Jumamosi alisimama mlangoni akiwasihi wazazi warudi nyumbani na watoto wao. Wengine walimcheka, wakaingia. Nusu saa haikupita, wakatoka wamebeba watoto wanaolia. Jumatatu alifukuzwa kazi. Mwaka uliofuata chuo chake cha zamani kilimwita afundishe usomaji wa mabango, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2013.

Alimwoa mama tarehe 6 Desemba 1980. Wakati wa uchumba mama alimpelekea picha ya studio. Badala ya shukrani, akauliza, "Mbona hutazami kamera? Pembeni kuna nani?" Mama akamjibu, "Kuna mama yangu, ananiambia nikae wima." Marehemu alikwenda kwa mama mkwe kuhakikisha.

Februari mwaka jana chakula kilianza kumkwama kooni. Mama alimpeleka zahanati, lakini marehemu alipoona bango la mtu anayetabasamu, la kuhimiza watu wapime saratani, aligeuza njia. "Mgonjwa gani ana meno meupe hivyo? Hawa wanaficha kitu." Tulibembeleza miezi saba. Alipokubali, saratani ilikuwa imesambaa. Nilikasirika sana, naye alijua. Wodini alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, lile bango nililikosea. Lilichorwa vibaya, lakini lilikuwa linasema kweli. Wewe nenda ukapime." Nilikwenda. Alifariki tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanafunzi wengi wasioweza kupita mbele ya bango bila kulitilia shaka.

Mungu ampokee baba yetu, na huko aliko atulie, asiwe na la kuhoji.