Neno la Siri Lililo Kwenye Khanga

Mgeni rasmi, ulipoingia ulitukuta tukibishana na Hamphrey, afisa TEHAMA aliyekifunga chumba chetu cha kompyuta. Hatutaficha. Karibu, keti, usikie. Mwisho wa risala hii nimeuandika ukiwa unakunywa chai.

TULIKOTOKA
Sisi ni wazazi wa kijiji cha Chiwanda, kando ya ziwa. Watoto wetu wako mbali kikazi, na simu zetu hushika mtandao wa ng'ambo ya mpaka kuliko wa kwetu. Kwa kuuza usipa, dagaa wetu wa ziwani, na mihogo, tulijinunulia kompyuta na kifaa cha intaneti.

MAFANIKIO
Kila Jumapili baada ya ibada tuliwaona watoto wetu. Mama Rosina alimwona mjukuu wake wa Uarabuni akitambaa. Chumba kilifungwa wakati mtoto ndiyo kwanza anashika kiti asimame. Sasa anatembea, na bibi yake hajaona. Kila Jumapili bibi bado huja, hukaa mlangoni.

CHANGAMOTO
Ripoti ya Hamphrey inasema kifaa cha intaneti kina tundu la kiusalama, kiwango cha hatari tisa kati ya kumi: mtu anaweza kukiteka na kusikiliza mazungumzo yetu. Tulimuuliza kama aliye nje anaweza kupita. Akakiri hawezi, mpaka kwanza aingie kwenye mtandao wetu kwa neno la siri. Tukamcheka. Ottilia, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Mwanangu, tisa ya kwenye ripoti siyo tisa ya Chiwanda. Mwizi atalitoa wapi hilo neno?"

Hamphrey akainyooshea kidole khanga aliyojifunga Ottilia.

Neno letu la siri ni usemi wa khanga ya sare: NAKUONA HATA UKIWA MBALI. Tulilichagua ili hata bibi asisahau. Na khanga hiyo tumemvisha kila mgeni, hata wachuuzi wa samaki tusiowajua kwao. Hiyo iliyokunjwa mezani ni zawadi yako.

Basi tisa ni yetu kweli.

MAOMBI
Tulipanga kukuomba umwamuru Hamphrey afungue. Ombi hilo tunalifuta. Programu ya kuziba tundu anayo kwenye flashi. Alichodai ni neno jipya kwanza. Tumekubali, na haliandikwi kwenye nguo. Hatungoji kesho: ninaposoma hapa, yeye na Ottilia wamo chumbani wanalibadilisha, na Mama Rosina ameshakaa mbele ya kompyuta, miwani usoni.

Limebaki ombi moja. Inama tukuvishe khanga. Sasa haifungui mlango wowote. Inasema tu tunachokitamani.

Mungu akufikishe kwako salama, uwakute wanao wote mezani.

Ni sisi, Wazazi wa Chumba cha Kompyuta, Chiwanda.
Msomaji: Scholastica, katibu.