Jagi la Sista Lakot

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, 1978, Sista Lakot anamaliza kazi. Ni miaka ishirini na sita katika wodi ya wanaume, wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali yetu. Alianza kwa kufua mashuka. Halafu akasomea unesi, akavaa kofia, na hiyo kofia mpaka leo anaitia wanga wa muhogo hata inasimama yenyewe bila kichwa.

Wagonjwa wanamjua kwa viatu. Vinalia kwii, kwii, na mtu aliyekuwa anapanda dirisha anashuka mwenyewe. Kila mtu kwake ni mwanangu, hata Daktari na mvi zake. Alipopewa usimamizi wa wodi, kitu cha kwanza alitoa kamba za kufungia watu. Kile chumba cha kufungia akajaza vitunguu vya soko la Nakasero, na mpaka leo ni chumba cha vitunguu.

Lakini sisi tukikaa kuongea habari zake, lazima tufike kwa Uthman.

Uthman ni fundi cherehani wa Old Kampala. Miaka miwili iliyopita mkewe Habibah alimleta akisikia sauti za watu ambao hawapo. Zilimtukana, zikamwambia majirani wametia sumu kwenye uzi wake. Alichomwa sindano, na baada ya muda sauti zikanyamaza. Tukafurahi. Kumbe mikono haikunyamaza. Ananawa, anasugua, anafuta, anarudi tena bombani. Chakula kinapoa, wenzake wanalala, yeye yuko pale pale.

Na sabuni wakati ule ilikuwa shida, mnajua wenyewe. Mche wa wodi nzima unaingia asubuhi, jioni umebaki povu. Abudu wa stoo akaona sabuni inapotea, akaenda kusema huko juu kwamba wodini kuna mtu wa magendo. Akaja afande mmoja na miwani nyeusi.

"Mwizi ya sabuni iko wapi?"

Sista Lakot hakupandisha sauti. Alishika mikono ya Uthman, akaigeuza mbele ya afande. Ngozi ilikuwa imepasuka yote, nyekundu.

"Afande mwanangu, mtu wa magendo mikono yake inakuwa hivi?"

Afande akatazama, akarudi nyuma kidogo. "Basi. Mimi nakuja tena. Kama sabuni bado napotea, huyu nakwenda na mimi."

Hakuna aliyeuliza wanakwenda wapi.

Daktari alifikiri sauti bado zipo, ndizo zinamtuma kunawa. Akaongeza dawa. Uthman akawa mgumu kama mbao, mate yanamtoka, na bado ananawa, ila polepole. Sista akachukua kigoda, akakaa naye bombani.

"Nani anakuambia unawe?"

"Hapana mtu, Sista. Ile sauti iliisha. Hii ni mimi mwenyewe. Najua ni upuzi, lakini nikiacha, roho nakataa."

Alisema akiangalia chini, anaona aibu. Na zile sauti hakuwahi kuzionea aibu hata siku moja, alikuwa anaziamini. Sista akamwita Daktari, naye akaja akachuchumaa hapo hapo kwenye maji, akauliza tena mwenyewe. Habibah akaitwa. Akasema hiyo ya kunawa ilianza tangu ujana, kabla ya sauti. Alikuwa anarudia udhu mpaka sala inampita, na sheikh wao aliiita wasiwasi.

Daktari akacheka, akajipiga kwenye paji la uso. "Kumbe wapangaji wawili, chumba kimoja! Mmoja tumeshamfukuza, na mimi bado nagonga mlango kwa jina lake."

Akapunguza sindano, ibaki ile ya kuzuia sauti tu. Huyu mpangaji wa pili akamwachia Sista, na Sista akatafuta jagi.

Watu wetu hawali kabla ya kumwagiwa maji. Mwenye jagi ndiye anajua maji yanaisha lini, na huwezi kumwambia arudi kwako, wenzako wanangoja na njaa. Sista akafunga bomba wakati wa chakula. Akapanga wagonjwa wote na sisi wafanyakazi mstari mmoja, akamwagia kila mtu zamu moja.

"Sista, ongeza kidogo tu!" Uthman analia, mikono bado ameikinga.

"Maji ni ya wote, mwanangu. Kaa."

Akakaa naye, akatia mkono wake mwenyewe katika sahani ya Uthman, posho ya unga wa mahindi na maharage, akala. Siku ya kwanza Uthman hakugusa. Alikaa ametokwa jasho, na Sista hakuondoka mpaka ile hofu ikashuka yenyewe. Kesho yake hivyo hivyo. Halafu akaonja tonge moja. Halafu sahani ikaisha, na wodi nzima ikapiga makofi kama mpira umeingia golini.

Afande alirudi kweli, saa ya chakula. Abudu akamwonyesha miche ya sabuni imekaa mizima, maana Uthman hashindi tena bombani. Sista akampa Uthman jagi. Uthman akammwagia afande maji. Afande akanyoosha mikono tena.

"Ongeza."

"Maji ni ya wote, afande," Uthman akasema.

Afande akavua miwani, akamwangalia, halafu akacheka mpaka akakohoa. Akala nasi, akaondoka peke yake.

Uthman yuko nyumbani na cherehani yake. Sindano bado anakuja kuchomwa, na siku nyingine mikono inamvuta. Anaiambia maji ni ya wote, anaendelea kushona. Hata gauni la kuagwa la Sista ameshona yeye, bila doa.

Sista Lakot, asante kwa kamba ulizotoa na kwa kila sahani uliyotia mkono. Ijumaa tunakula pamoja, na mwenye jagi ni Uthman. Hata wewe, mama yetu, utapata zamu moja tu. Nawa, kaa, ule ushibe, na huko nyumbani ukae na raha miaka mingi.