Mama Kola Hakutia Saini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Mama Kola anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu, karibu yote akishona kola za mashati. Jina lililo kwenye kitambulisho chake analijua karani wa mishahara tu; naye akimwita kwa hilo, hageuki.

Alianza kwa kukata nyuzi mwishoni mwa laini ya ushonaji, mimba ya kifungua mimba wake ikiwa na miezi minne, ameificha chini ya aproni asije akakosa kazi. Mwaka uliofuata akapewa cherehani, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kukalia stuli yake. Mimi nilijaribu siku yangu ya kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita. Mpaka leo nakaa kwa adabu.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa mwaka ule aliokuja mshauri mwenye saa ya kupimia sekunde. Wanunuzi walikuwa wanatishia kupeleka oda nchi nyingine. Mshauri alisimama nyuma yetu siku mbili, kisha akaandika kwamba mishahara yetu ni midogo lakini shati letu linatoka ghali, kwa kuwa tunajivuta. Dawa yake: kila mshonaji wa kola apande kutoka kola mia tatu hadi mia nne kwa siku, la sivyo akatwe posho. Tuliitwa mmoja mmoja kutia saini. Wengi, mimi nikiwemo, tulisaini vichwa chini.

Mama Kola aliirudisha kalamu mezani. "Mwanangu, umenipima nikishona. Sasa nipime nikisubiri."

Kwa hilo, meneja alimrudisha kwenye kukata nyuzi. Mdogo wake, anayeshona mikono ya mashati, alimsihi aombe radhi. Nyumbani, alimkumbusha, kuna watoto wanaosoma. Alijibu kwamba ataomba akishaelezwa kosa. Na kila cherehani iliposimama, alichora mstari wa chaki ukutani na kuandika dakika zilizopotea na sababu: sindano imevunjika, fundi hayupo, uzi umekwisha, ghala limefungwa, umeme umekatika, jenereta haina mafuta. Haikupita wiki, tukawa tunapaza sauti kutoka kwenye viti vyetu: "Mama, niandike! Nasubiri vitambaa!" Meneja akaamuru ukuta ufutwe. Akachora upya. Ukafutwa tena, akachora tena.

Wiki ya kumi na moja mwenye kiwanda alikuja, akaukuta ukuta umejaa, akavuta kiti akahesabu. Katika saa tisa za kazi, tulikuwa tunashona tano na nusu. Zilizobaki zililiwa na kusubiri, na ufunguo wa ghala haukuwa kwa mshonaji yeyote. Ghala likahamishiwa kando ya laini, fundi akawekewa meza humo humo ukumbini, karatasi za saini zikachanwa, na Mama Kola akarudi kwenye cherehani yake. Miezi mitatu baadaye tulifika kola mia tatu na tisini, bila mtu kukatwa posho. Kumi zilizobaki, anasema, amemwachia mshauri azishone mwenyewe.

Mama Kola, asante. Sisi tuliosaini hukutusimanga hata siku moja. Nenda ukalale mpaka uchoke, uamke bila kupimwa na mtu, na miaka iliyo mbele yako iwe ya heri tupu. Atakayekuja tena kusema tunajivuta, tutamjibu sisi wenyewe, tena kwa sauti.