Droo ya Mutoto Mupole

Kule Lubunga, kwenye njia inayopanda kutoka kivukoni, kulikuwa na benchi la ubao mmoja mrefu uliong'olewa kwenye behewa bovu. Mtu akikaa ncha hii, aliye ncha ile anamsikia matakoni. Kila jioni Mama Célestine aliweka birika lake la kahawa hapo, na wenye benchi walikuwa wawili. Feruzi alipiga firimbi stesheni, basi akaitwa Sifflet. Anselme alishona nguo, akaitwa Mètre, kwa kuwa tepu yake ya kupimia haikumtoka shingoni hata kanisani. Na hao wawili, ndugu yangu, hapakuwa na jambo duniani wasilolijua! Mwaka ule wa hamsini na sita, Jumamosi moja, Séverin, mwalimu waliyemwita Moniteur, alishuka kivukoni kutoka ng'ambo ya mto, uso umemshuka kabla ya miguu.

— Moniteur, mbote! Ulienda kwa bitabu ya Bapère, unarudi mikono mitupu?

— Wacha tu, Sifflet.

— Walikukataza kuingia?

— Hapana. Permission iko. Père Henri mwenyewe alinifungulia mulango.

— Alors?

— Alors, sikuona kitu.

Mama Célestine akamsogezea kikombe bila kuombwa. Séverin akawaeleza. Maktaba ya collège, shule ya mapadre kule ng'ambo, ina kabati la droo ndogondogo, na ndani ya droo ni kadi peke yake. Upande mmoja unatafuta kwa jina la aliyeandika, upande wa pili kwa jambo lenyewe. Kadi inakupa namba, namba inakupeleka kwenye rafu. Hata makala iliyofichama katikati ya gazeti ina kadi yake, inakuambia gazeti lipi na ukurasa upi. Père Henri alimfundisha kwa upole, akamwacha avute droo mwenyewe. Njia aliielewa yote, na hilo ndilo lililomuuma.

— Ulitafuta jambo gani? akauliza Mètre.

— Mambo ya batoto, akasema Séverin, akiangalia kahawa yake.

— Bon! Mi minajua kosa iko wapi, akasema Sifflet. Bitabu ni kama mabehewa. Kile kilifika kwanza kinasukumwa mwisho wa njia. Unapashwa kutoa byote bya mbele kwanza.

— Nani alikuambia? akaruka Mètre. Bitabu banapanga kwa kimo! Kikubwa chini, kidogo juu. Na mambo ya batoto iko kwa kidogo, sababu batoto nao ni bafupi. Ulipima?

— Sikupima, Mètre.

— Unaona! Mutu anaingia pale bila tepu!

— Sikia mi, akasema Mama Célestine. Ile ya muzuri Bapère banalalia. Iko chini ya kitanda.

— Hapana, mama, hapana! Sifflet alishasimama. Siku ya dimanche, saa ya misa, banahamisha bitabu byote. Kila kitabu kinabadilisha nafasi, ili kisizoee na kikaita muchwa. Leo ni samedi. Ile yako, Moniteur, imechoka kungoja, imeshapanda bateau, iko njiani kwenda muji ya Léo!

Wakacheka, na Séverin akacheka nao kidogo, kwa adabu. Moyo wake haukuwa pale. Ulikuwa nyumbani, kwa binti yake Julie, aliyetakiwa kuanza shule mwaka ule.

Julie hakusikia. Tangu alipougua homa kali akiwa mchanga, hakusikia radi, hakusikia maporomoko ya mto, hakumsikia baba yake. Lakini jambo hilo halikutamkwa nyumbani kwa Séverin. Mama yake mzee, Émilie, mtu wa upande wa Yanonge, alilikataza: ukiutaja ubovu wa mtoto mbele ya watu, unaukaribisha ukae. Basi wote walisema Julie ni mutoto mupole. Na kila jioni Séverin alifika mlangoni akaita kwa sauti, "Julie!", majirani wasikie anavyoita, kisha akaingia haraka kabla hawajaona kwamba mtoto hakugeuka. Maskini, alichoka na uongo ule. Mwalimu mwenzake aliwahi kumwambia kuna gazeti lililoeleza namna watoto wa hivyo wanavyofundishwa kusoma. Ndiyo maana aliomba ruhusa ya maktaba, na ndiyo maana alipofika kwenye kabati, mbele ya Père Henri, alivuta droo ya watoto wapole. Alipata makala nyingi sana. Zote zilieleza jinsi ya kunyamazisha darasa.

Hapo Pétronille, mke wake, akatokea njiani na ndoo kichwani, Julie amemshika kitenge. Siku zote alisalimu akapita. Leo alitua ndoo.

— Papa Julie, umeona?

— Sikuona.

— Dada yangu, iko kitu ya kitanda, akaanza Mama Célestine.

— Iko kitu ya kimo, akasema Mètre.

Pétronille hakuwatazama. Alimtazama mumewe.

— Ulimuambia Père mutoto iko na nini?

Swali jepesi hivyo tu. Sifflet akaketi tena. Mètre akaishika tepu yake. Mama Célestine akainamisha birika juu ya kikombe, halikutoa hata tone, naye akaendelea kuliinamisha vilevile. Séverin alimwona moyoni mama yake Émilie, kidole kikimkataza. Akaona pia zile droo, kadi zimejipanga ndani, zikimngoja atamke.

— Hasikii, akasema. Julie hasikii. Mutoto wangu ni kiziwi.

Alidhani benchi litamkimbia. Hakuna aliyeondoka.

— Tunajua, Moniteur, akasema Mètre polepole.

— Munajua?

— Tangu zamani. Tulingoja we useme.

— Na mi, akasema Sifflet, we unafikiri minagonga ubao kila akipita na kuushika, sababu ya nini? Minamusalimia.

Kweli, Séverin alimwona mara nyingi akigonga, akadhani ni kichaa cha mtu wa stesheni. Akafuta macho kwa mkono wa shati mbele yao wote.

— Samedi inakuja tutavuka wote wawili, akamwambia Pétronille. Nitavuta droo ya viziwi. Na kama sioni, nitamuuliza Père, nikitaja jambo kwa jina lake.

— Twende na tepu yangu? akauliza Mètre.

— Beba tu, Mètre.

Julie alikuwa ameshafika ncha ya benchi, amewapa mgongo, anatazama kivuko kikirudi ng'ambo. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya ubao. Séverin alivuta pumzi amwite kama kila siku, kisha akaiacha pumzi itoke bure. Akakunja ngumi, akagonga ubao mara moja.

Julie akageuka. Aliwapita Sifflet na Mètre kwa macho, mpaka akamwona aliyegonga, akaja kwake mbio.