Mama Zamani Anaondoka, Darasa Limebaki Zama za Kati

Tarehe thelathini mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mhadhiri wetu wa fasihi ya awali ya Kiingereza anastaafu. Wanafunzi humwita Mama Zamani, naye huitika. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi niandike kwa kuwa ofisi zetu zinatazamana, na akasisitiza niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila asije akanilaumu.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba mwenye kamusi nene kuliko begi lake. Akakabidhiwa somo lililokimbiwa na kila mtu: mwaka wa kwanza mashairi ya watawa na mashujaa wa zama za kati, mwaka wa pili tamthilia na kejeli, hadi Zama za Mwangaza, yaani karne ya kumi na nane. Kiingereza cha kale si cha mchezo; ukikiona mara ya kwanza unadhani mchapaji alikuwa amelewa.

Yeye hakuanza na tafsiri. Alilisimamisha darasa zima lisome kwa sauti mpaka ndimi zilainike, na majirani zetu wa takwimu waligonga ukuta hadi wakachoka wenyewe. Kisha ikaja Wiki ya Ukimya: mwalimu anaketi nyuma, amefumba macho, hasemi neno, na wanafunzi wanafundishana. Anayekosea anasahihishwa na mwenzake. Jamani, waliopita hapo hawasahau! Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mumewe, fundi saa, anasema wajukuu waligombezwa kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekizungumza kwa karne kadhaa, na walitii papo hapo.

Amelea wafasiri, mahakimu na wahadhiri, akiwemo mkuu wetu wa idara. Huyu alifeli somo hilo mara ya kwanza. Mama Zamani alimfundisha upya sebuleni kwake likizo nzima, mwanafunzi huyo akila na kunywa hapo kama mtoto wa nyumbani.

Mwaka huu mama huyo aliomba jambo moja tu: aongezewe mwaka mmoja, amalizane na darasa lililofika nusu ya safari. Wengine wameongezewa, na yule bwana anayefundisha somo la masoko ameongezewa mara mbili. Kwake yeye akatumwa kwanza mkaguzi wa ubora. Akaingia darasani, kumbe ni Wiki ya Ukimya. Akaripoti kwamba mhadhiri alikuwa amelala na wanafunzi wanapiga soga.

Kwenye kikao cha kuamua ombi lake, Mama Zamani alieleza utaratibu wake. Wajumbe wakatabasamu kwa adabu, wakamgeukia mkuu wa idara, mtu pekee mle ndani aliyewahi kukaa katika wiki hiyo na kufaidika nayo. Angesema neno moja tu, mambo yangekwisha. Akasema tuheshimu maoni ya mtaalamu wa ubora, akaendelea kubofya simu yake. Ombi likakataliwa, na somo lenyewe likafutwa.

Imeniuma, na sitajifanya haijaniuma. Yeye alitoka pale akaniambia tuachane na habari hizo, ana kipindi saa nane. Akaenda, akafundisha mpaka mwisho.

Wanafunzi wake wamehamishiwa Mawasiliano ya Biashara. Binti mmoja alikuja ofisini kwangu kuniuliza hao waandishi wa Zama za Mwangaza walikuwa wakimkejeli nani, maana ndio hasa aliokuja kuwasoma. Nikamwambia mimi ni mtu wa fonetiki, nashughulika na sauti za lugha tu. Akashukuru, akaondoka.

Leo kuna keki, na mkuu wa idara atatoa hotuba. Sisi wengine tunasema ahsante, mama, kwa kila mwanafunzi uliyemfungua ulimi. Tunakutakia afya, amani na mapumziko mema. Hukuyaomba, lakini ndiyo tuliyokupa.